Kufundisha Usahihi wa Mahali katika Ramani za Kompyuta: Mfano wa Wilaya za Tarime na Serengeti

Utangulizi

Walimu wengi wa Jiografia hulifundisha somo la ramani kama somo la kusoma tu. Mwanafunzi hupewa kipande cha ramani, huulizwa umbali kutoka kanisani hadi shuleni, hupima kwa uzi, huzidisha, akapata alama zake. Ni mara chache sana kuulizwa swali lililo la msingi zaidi: je, kanisa lenyewe lipo pale ramani inaposema lipo? Na kama halipo, limekosewa kwa mita ngapi, na kuelekea wapi?

Zamani swali hili lilikuwa la wapima ardhi peke yao. Leo sivyo. Tangu mradi wa OpenStreetMap ulipoanzishwa Uingereza mwaka 2004, mtu yeyote mwenye kompyuta au simu anaweza kuchora ramani ikatumiwa na dunia nzima. Wanafunzi wetu wamekwisha kuwa wachoraji wa ramani. Hapana budi basi wafundishwe wajibu wa mchoraji.

Katika makala haya tunakusudia kuwaonyesha walimu wenzetu, na hasa wanachuo watakaokwenda mazoezini, jinsi ya kufundisha usahihi wa mahali kwa vipindi vinne, vitatu darasani na kimoja nje. Mifano yetu tumeitoa katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kwa sababu huko ramani ya namna hii si zoezi la darasani. Ina kazi.

Kwa nini Tarime na Serengeti

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa kosa la jinai. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Mara asilimia 32 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Aghalabu msimu wenyewe huangukia Desemba, shule zinapofungwa, na wasichana wasiotaka hukimbia makwao. Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, pana nyumba salama tangu mwaka 2014. Mwanzilishi wa huduma hiyo, Bibi Rhobi Samwelly, aliunda mwaka 2017 shirika la Hope for Girls and Women, ambalo lina nyumba nyingine Butiama. Katika Wilaya ya Tarime kuna kituo cha Masanga.

Tatizo lililowakabili waokoaji lilikuwa la kijiografia. Simu hupigwa usiku, ikataja kijiji au kitongoji, na gari la polisi au la nyumba salama halijui pa kwenda. Vijiji vingi havikuwemo katika ramani zilizopatikana kwa urahisi. Mwaka 2015 ulianzishwa mradi wa Crowd2Map Tanzania. Watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi huchora nyumba na njia kwa kufuatisha picha za setilaiti, nao wenyeji, wakiwa na simu zao, huongeza majina ya vijiji, shule, makanisa, zahanati na maduka.

Hapa mwalimu awaulize wanafunzi wake: ramani hiyo ikikosea mita kumi, kuna hasara gani? Wengi watajibu kwamba hakuna, maana mita kumi ni hatua kumi na tatu tu. Jibu hilo ni sahihi kwa mtu atafutaye kijiji. Kwa mtu atafutaye boma moja miongoni mwa maboma yaliyosongamana, mita kumi zaweza kulihamisha jina la boma hilo hadi kwa jirani. Katika vilima vya Tarime, mita hizo zaweza kuiweka njia ng'ambo ya korongo isikokuwako. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Lakini anayepiga hodi usiku kwenye boma lisilo lenyewe amekwisha kutangaza safari yake, na msichana anayetafutwa aweza kuhamishwa kabla hajafikiwa. Mwanafunzi aliyeelewa jambo hili atapima kwa uangalifu bila ya kusukumwa.

Kipindi cha kwanza: Tarakimu nyingi si usahihi

Mwalimu aanze kwa kumwonyesha mwanafunzi namba zinazotolewa na simu. Simu huandika latitudo na longitudo kwa desimali sita au saba, na mwanafunzi huziona kama neno lisilopingika. Andika ubaoni jedwali hili la thamani za digrii moja karibu na ikweta:

digrii 1 = takriban kilomita 111
digrii 0.001 = takriban mita 111
digrii 0.0001 = takriban mita 11
digrii 0.00001 = takriban mita 1.1
digrii 0.000001 = takriban sentimita 11

Kisha eleza kwamba simu ya kawaida, chini ya mbingu wazi, hupata mahali kwa kosa la takriban mita 5. Desimali ya sita inataja sentimita 11, ilhali simu yenyewe haina hakika ya mita tano. Tarakimu hizo za mwisho ni pambo. Chini ya miti mikubwa, kando ya majabali au karibu na mapaa ya bati, ambapo mawimbi ya setilaiti huzuiliwa au huakisiwa, kosa huongezeka. Na simu isipopata setilaiti kabisa hukisia mahali kwa minara ya mawasiliano. Hapo kosa laweza kufikia mamia ya mita, nayo tarakimu zitabaki kuwa nyingi vile vile.

Yafaa pia kutaja historia. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilipotosha kwa makusudi mawimbi ya GPS yaliyotolewa kwa raia, hata kosa likaweza kufikia mita 100. Upotoshaji huo uliondolewa mwezi huo. Wanafunzi watajifunza kwamba chombo hakisemi zaidi ya kile mwenye chombo alichokiruhusu.

Kipindi cha pili: Makosa ya aina mbili

Hiki ndicho kiini cha somo zima. Kuna kosa la nasibu na kuna kosa la kudumu.

Katika nchi ya Wakuria mfano wa upinde na mishale hauhitaji maelezo. Chora ubaoni shabaha mbili. Katika ya kwanza mishale imetawanyika pande zote kuizunguka shabaha: hilo ni kosa la nasibu. Katika ya pili mishale yote imeshikamana mahali pamoja, lakini kando ya shabaha: hilo ni kosa la kudumu. Mpigaji wa kwanza mkono unatetemeka. Mpigaji wa pili mkono wake ni imara, ila upinde wake umepinda.

Waulize wanafunzi ni yupi wa kusaidiwa kwa kupiga mara nyingi zaidi na kutafuta kati ya mishale. Ni wa kwanza peke yake. Wa pili hata akipiga mara mia, wastani wake utabaki kando. Yeye husaidiwa kwa njia moja tu: kujua amekosea kiasi gani na kuelekea wapi, kisha kuurekebisha upinde.

Namba za simu zina kosa la nasibu kwa wingi, wastani husaidia. Picha za setilaiti aghalabu zina kosa la kudumu katika eneo moja: picha nzima imesogea upande mmoja. Sababu kubwa ni vilima. Kamera ya setilaiti mara nyingi hutazama kwa mshazari, na wenye picha huinyosha kwa kutumia kielelezo cha miinuko ya ardhi. Kielelezo kikikosea, picha husogea. Tuseme kamera ilitazama kwa pembe ya digrii 20 kutoka wima, na mwinuko wa kilima ukakosewa kwa mita 30. Msogeo ni mita 30 mara tanjenti ya digrii 20, yaani 30 × 0.364, ambao ni takriban mita 11. Mwalimu wa Hisabati atafurahi kuona trigonometria yake imepata kazi.

Kwa sababu hiyo msogeo wa kilele cha kilima hauwi lazima ndio msogeo wa bondeni. Katika tambarare za Serengeti kipimo kimoja chaweza kufaa eneo pana. Katika milima ya Tarime hapana budi kupima upya kila unapovuka kwenda kilima kingine, au picha inapobadilika kuwa ya tarehe nyingine.

Kosa letu wenyewe

Kuna kosa la kudumu la aina nyingine, nalo tulilijua kwa aibu. Tuliwachukua wanachuo wetu vilimani, tukapima kwa simu mahali pa kisima cha shule moja, kisha tukaitia nukta hiyo kwenye ramani ya zamani ya kipimo cha 1:50,000. Kisima kikaangukia ng'ambo ya kijito, kusini kabisa ya shule. Tuliwalaumu wanachuo kwa kusoma vibaya. Wakapima tena; jibu likawa lile lile. Kosa lilikuwa letu sisi waalimu.

Ramani hizo za zamani zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, unaotumia umbo la dunia lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. Simu hutumia msingi wa WGS 84. Misingi hii miwili haianzi kuhesabu kutoka kitovu kimoja cha dunia. Mtu akichukua namba za simu na kuzitia kwenye ramani ya Arc 1960 bila ya kuzibadili, katika eneo letu nukta itaangukia takriban mita 300 mbali na mahali pake, zaidi kuelekea kusini na kidogo mashariki. Kwenye ramani ya 1:50,000 hiyo ni milimita 6 tu. Juu ya ardhi ni bonde zima. Tangu siku hiyo tumeweka sharti: kabla ya kutia nukta yoyote, mwanafunzi asome maandishi ya pembezoni mwa ramani na kuyaandika katika daftari lake.

Kipindi cha tatu: Kupima uwanjani

Kipindi hiki ni cha nje, na kinafaa kiwe cha saa mbili. Vifaa ni simu mbili au zaidi, daftari, kalamu na picha ya setilaiti ya eneo la shule iliyochapwa au iliyo katika simu. Hatua ni hizi:

1. Wanafunzi wachague mahali patano panapoonekana waziwazi katika picha na pia juu ya ardhi. Panafaa njia panda, kona ya uwanja wa mpira, ncha ya daraja au kona ya uzio wa mawe. Pasichaguliwe kona ya paa, maana katika picha iliyopigwa kwa mshazari paa huonekana limeegemea kando; ichukuliwe kona ya msingi inapogusa ardhi. Mti pia haufai.

2. Mahali hapo patawanyike kuzunguka eneo lote. Nukta tano za upande mmoja wa kijiji hazitoi habari za upande wa pili.

3. Katika kila mahali simu iachwe wazi, isiyofunikwa kwa kiganja, kwa dakika mbili au tatu kabla ya kuandika namba. Kisha ziandikwe namba kumi, moja baada ya nyingine, na kutafutwa wastani. Ikiwezekana, kundi la pili lirudie kazi hiyo siku nyingine, kwa kuwa setilaiti huhama.

4. Kila kundi liandike tarehe, saa, aina ya simu na hali ya mahali: pako wazi, pana miti, au pako karibu na jabali. Namba isiyo na maelezo haya haitaweza kuhakikiwa na mtu mwingine.

Kipindi cha nne: Hesabu

Turudipo darasani, kila kundi litafute tofauti kati ya mahali kwa mujibu wa simu na mahali kwa mujibu wa picha, likizigeuza digrii kuwa mita. Namba zifuatazo tumezitunga kwa ajili ya zoezi. Alama ya kujumlisha ina maana kwamba mahali halisi pako mashariki au kaskazini zaidi ya picha.

Mahali A: mashariki +9, kaskazini −4
Mahali B: mashariki +11, kaskazini −6
Mahali C: mashariki +8, kaskazini −5
Mahali D: mashariki +12, kaskazini −3
Mahali E: mashariki +10, kaskazini −7

Wastani wa mashariki ni +10, na wa kaskazini ni −5. Kwa hiyo picha inapasa kusogezwa mita 10 mashariki na mita 5 kusini. Kwa kanuni ya Pythagoras, msogeo ni kipeuo cha pili cha 125, yaani takriban mita 11.2.

Wanafunzi wasiishie hapo. Watoe wastani huo katika kila mahali waone kinachobaki: A hubaki na −1 na +1, B, +1 na −1, C, −2 na 0, D, +2 na +2, E, 0 na −2. Wazidishe kila kimoja kwa chenyewe na kujumlisha: 2, 2, 4, 8 na 4, jumla 20. Gawanya kwa 5, tafuta kipeuo cha pili: mita 2. Wakifanya hesabu hiyo hiyo kwa tofauti za awali, kabla ya kusogeza, watapata jumla ya 645 na jibu la takriban mita 11.4. Wameona kwa mikono yao kwamba kosa la kudumu limeondoka na kosa la nasibu limebaki. Hakuna ramani isiyo na kosa, lakini kosa la ramani hii sasa linajulikana, nalo ni dogo.

Ikiwa kinachobaki baada ya kusogeza bado ni kikubwa, mwalimu asiwaruhusu kulazimisha. Huenda mahali pamoja pamesomwa vibaya, au eneo lina vilima vinavyohitaji msogeo wao wenyewe.

Husogezwa picha, si ramani

Hapa ndipo wachoraji wapya wanapoharibu kazi za watu. Mwanafunzi hufungua picha mpya, huona nyumba zote zimekaa kando ya mapaa yake, na kwa nia njema huzihamisha moja moja mpaka zikae sawa na picha. Huenda nyumba zile zilikwisha kuwekwa kwa uangalifu na mtu aliyezipima. Picha ndiyo iliyokosea. Kesho atakuja mwingine mwenye picha ya kampuni nyingine, naye atazihamisha tena. Baada ya mwaka njia zimefuata picha moja na nyumba zimefuata nyingine, na hakuna awezaye kusema ipi ni kweli.

Programu za kuchorea, kama iD na JOSM, zina mahali pa kusogeza picha ya nyuma bila ya kugusa kilichochorwa. Kanuni ya kuwafundisha wanafunzi ni fupi: pima kwanza, kisha sogeza picha, ndipo uchore. Na anayebadili kazi ya mwenzake aandike sababu yake na kipimo chake, ili atakayefuata ajue.

Usahihi una mipaka yake

Tumesema mengi katika kusifu usahihi. Twapaswa pia kusema ni wapi usitumike. Ramani ya OpenStreetMap huonwa na kila mtu, pamoja na yule anayemwinda msichana aliyekimbia. Shule, zahanati, vituo vya polisi, njia, madaraja na majina ya vitongoji ni mambo ya wote na yawekwe kwa usahihi wote tunaoweza. Jina la mtu, boma la msichana aliyetoa taarifa, au mahali alipofichwa mtoto, kamwe visiwekwe. Mwalimu asilichukulie jambo hili kuwa nyongeza ya somo. Mwanafunzi aliyejua kupima vizuri lakini asijue nini kisipimwe hajahitimu.

Hitimisho

Somo hili halihitaji maabara. Simu mbili, uwanja wa shule na jedwali la ubaoni vyatosha. Kinachohitajika ni mwalimu aliye tayari kuulizwa, “Umejuaje?” na kujibu kwa namba. Tukiwazoesha wanafunzi wetu swali hilo, watakapotoka shuleni watakuwa na desturi ya kuipima kauli ya chombo kabla ya kuiamini. Na gari litakalotoka Mugumu usiku kwa kufuata njia waliyoichora litafika kwenye boma lenyewe.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa mfano wako mwenyewe tofauti kati ya kosa la nasibu na kosa la kudumu. Ni lipi linalopunguzwa kwa wastani?
2. Mwanafunzi amepata longitudo 34.371264 kwa simu yenye kosa la mita 5. Ni desimali ngapi zenye maana? Toa sababu.
3. Kamera ilitazama kwa pembe ya digrii 25, na mwinuko umekosewa kwa mita 20. Tafuta msogeo wa picha.
4. Kwa nini kona ya msingi ni bora kuliko kona ya paa?
5. Taja mambo matatu ya kijiji chako yanayofaa kuwekwa katika ramani ya wote, na mambo mawili yasiyofaa. Tetea uchaguzi wako.